Philly Lutaaya aliugua vipi hadi akafa na miaka 38? Mlioishi enzi zile mtusaidie

BintiNyakato ameandika:

Habari za usiku wana jukwaa, wakubwa shikamooni.

Desemba iliyopita nilipanda New Victoria Hapa Kazi Tu kwenda Bukoba kumsalimia bibi mzaa mama. Usiku katikati ya ziwa mama mmoja wa Kihaya akafungulia redio yake ndogo ya flashi, nyimbo za Krismasi za Kiganda. Watu wazima karibu wote pale wakaanza kuitikia, hata wale ambao nina hakika Kiganda hawakijui. Nikamuuliza mama anayeimba ni nani, akasema, "Lutaaya. Yule aliyesema." Nikauliza alisema nini, akanijibu kwa kifupi tu kwamba alisema ana Ukimwi, wakati hakuna aliyekuwa anasema.

Nimetafuta mtandaoni. Philly Bongole Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda, kazaliwa Oktoba 1951, kafa tarehe 15 Desemba 1989. Alijitangaza Aprili mwaka huohuo. Hapo ndipo ninapokwama. Ina maana Aprili anasimama mbele ya watu anaongea vizuri, Desemba anazikwa? Mbona haraka hivyo? Hakukuwa na dawa yoyote? Na huku kwetu Mwanza habari yake ilipokelewaje?

Naomba mnijibu kwa kweli, nina sababu yangu ya kuuliza.

---

RhumbaKirumba ameandika:

Dada, 1989 ulikuwa mwaka mbaya kwa muziki. Franco Luambo Makiadi, yule mwanamuziki wa Zaire (Kongo ya leo), alitangulia, tarehe 12 Oktoba, kule Namur, Ubelgiji, akiwa na miaka 51. Miezi miwili baadaye Lutaaya. Wote ugonjwa mmoja, tofauti ni kwamba Lutaaya alisema na Franco akaficha. Hapa Kirumba kila mtu anajua.

---

MzeeWaKanda ameandika:

Marahaba binti. Mimi mwaka huo nilikuwa kijana, nauza kanda pale Makoroboi, hapa Mwanza mjini. Kibanda chetu kilikuwa na deki mbili, mteja anakuja na karatasi ya daftari kaandika nyimbo anazotaka, unamrekodia kwenye kanda tupu ya dakika 60 au 90, kesho yake anapitia. Kanda za Uganda tuliletewa na mabaharia. Nyingine zilishukia Bukoba zikaja na MV Victoria, nyingine zilikuja na MV Umoja, ile meli ya mabehewa iliyokuwa inakwenda Port Bell. Kwa hiyo Lutaaya tulimjua mapema, kabla ya ugonjwa. Born in Africa ilikuwa inaombwa hata na Wasukuma wa Ngudu ambao hawajawahi kuvuka ziwa.

Yeye wakati huo alikuwa anaishi Sweden. Aprili 1989 habari ikafika kwamba amerudi kwao na amesema hadharani ana virusi vya Ukimwi. Tuliipata kwanza kwa mabaharia, na hatukuwaamini. Wala si sisi peke yetu. Huko kwao Uganda wengi walisema ni uongo, kwamba amelipwa, kwamba anatafuta soko la kanda mpya. Walikuwa na sababu moja tu: mtu mwenyewe alionekana mzima. Ukimwi tuliokuwa tunaujua sisi ni wa mtu aliyekwisha konda, nywele zimelegea kama za mtoto mchanga, anaharisha mwezi wa pili huu, mlango wa chumba chake umefungwa na wageni wanaambiwa amelala. Mtu amesimama wima, anaimba, halafu anakwambia anao, hilo halikuingia akilini.

Na ndiyo maana alichokifanya kilikuwa kikubwa. Angengoja akonde ndipo aseme, watu wangesema alikuwa anajulikana tu. Alisema akiwa bado na nguvu, na zile nguvu zilizobaki akazimalizia shuleni, makanisani na vyuoni, anasimama, anaeleza, anaulizwa maswali mabaya na anayajibu. Nyumba nyingi zilikuwa zinaficha hata jina la ugonjwa, yeye akaweka uso wake pale. Kisha watu wakamwona anavyoisha. Kuna filamu ya Born in Africa, ilitoka 1990, imefuata miezi yake ya mwisho. Itafute, lakini usiiangalie peke yako usiku.

Nikwambie ilivyoingia nyumbani kwetu, maana umeuliza Mwanza ilipokelewaje na mimi siwezi kuisemea Mwanza yote.

Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi wa injini za mitumbwi. Alikuwa anakwenda Ukerewe, Ukara, anakaa huko hadi kazi iishe. Mwaka 1990 akatokwa na mkanda wa jeshi, ukaanzia kiunoni ukazunguka hadi mgongoni. Ukapona, ukaacha kovu jeusi, halafu zikafuata homa. Baba akauza ng'ombe, akampeleka kwa mganga. Mganga akapiga ramli, akamtaja shangazi yetu, dada wa baba wa tumbo moja. Shangazi huyu ndiye aliyetulea mama alipofariki. Akaambiwa asikanyage tena uani kwetu, akaondoka na khanga zake kwenye ndoo akaenda kuishi kwa mtoto wake Misungwi.

Kaka akawa anashinda kitandani anasikiliza kanda nilizomletea. Moja ilikuwa ile ya mwisho ya Lutaaya, yenye wimbo wa Alone and Frightened. Umeimbwa kwa Kiingereza, na kaka alikuwa ameishia darasa la saba, akaniomba nimfasirie. Nikamfasiria mstari kwa mstari, nasimamisha redio, nasema, narudisha, naendelea. Ulipokwisha akaniambia niurudie. Halafu akasema, "Huyu naye alilogwa na nani?"

Siku ya pili akamwita baba. Akamwambia, baba, mimi nimetembea, na nimetembea visiwani, na ugonjwa nilionao naujua. Shangazi hahusiki. Mrudishe.

Baba alikuwa mtu mgumu. Alikaa kimya, akatoka nje, akawa anazunguka zizi ambalo halikuwa na ng'ombe hata mmoja tena. Jioni akachukua baiskeli. Kesho yake shangazi alikuwa jikoni anakoroga uji wa ulezi.

Yeye ndiye aliyemuuguza. Mdomo wa kaka ulikuwa umejaa utando mweupe hadi kooni, hawezi kumeza hata mate. Shangazi alikuwa anachemsha maji ya chumvi, anayaacha yapoe, anafunga kitambaa safi kwenye kidole na kumsafisha ulimi taratibu, shavu hili, kisha lile, kisha anamnywesha uji kwa kijiko cha chai. Hakuna aliyemwambia kama inaambukiza au haiambukizi kwa kugusa. Kaka alifariki 1991. Msibani baba alisimama mbele ya watu akataja ugonjwa. Kwa mtaa wetu ulikuwa msiba wa kwanza niliousikia ukitajwa hivyo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza Lutaaya alisaidia nini wakati naye alikufa, namwambia alimrudisha shangazi yangu nyumbani.

Sasa wewe RhumbaKirumba. Hilo la Franco usiliweke kama jambo lililothibitishwa. Ni kweli alikonda sana mwishoni, watu walimwona. Ni kweli mwaka 1987 alitoa Attention na SIDA, wimbo mrefu wa kuonya watu juu ya ugonjwa huu, na sehemu kubwa aliiimba kwa Kifaransa ili asikike mbali zaidi ya Kinshasa. Zaire ikamwombolezea siku nne. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kusema ana Ukimwi, alikanusha, na alikufa bila kutangaza. Uvumi wa baa si cheti cha daktari. Na hata kama angekuwa nao, mgonjwa ana haki ya siri yake. Lutaaya hakulazimishwa na mtu, na heshima yake inatoka hapo.

---

Nshomile_Kemondo ameandika:

Mzee wa Kanda umenitoa machozi.

Niongezee la upande wetu. Sisi Kagera tulitangulia kuumia. Wagonjwa wa kwanza watatu kutambuliwa nchini walikuwa wa mkoa wetu, mwaka 1983. Watu waliuita Juliana, jina la nguo za magendo zilizokuwa zinaingia kutoka Uganda baada ya vita, maana waliokufa mwanzoni wengi walikuwa wafanyabiashara wa mpakani. Ilipofika 1989 kulikuwa na migomba isiyopaliliwa kwa sababu mwenye shamba kafa na mkewe kafa, wamebaki babu na wajukuu. Bibi yangu mwenyewe alibaki na wajukuu kwenye nyumba iliyojengewa watu wazima.

Kwa hiyo Lutaaya aliposema, kwetu haikuwa habari ya ugonjwa mpya. Ugonjwa tulikuwa nao. Kilichokuwa kipya ni mtu kuukiri kwa mdomo wake akiwa hai. Na Krismasi zake binti, zile ulizosikia melini, alizirekodi kabla. Alikufa zikiwa zimebaki siku 10 ifike Krismasi, na mpaka leo Desemba haiingii bila yeye.

---

RhumbaKirumba ameandika:

Mzee nimekusikia, nakubali kuhusu Franco. Pole kwa kaka.

Ila na Remmy Ongala tusimsahau. Mambo kwa Soksi aliimba wazi kabisa habari za kondomu, redio ya taifa ikaukataa, na watu wakaujua hivyohivyo kwenye kumbi na kwenye kanda. Nafikiri hata kibandani kwako uliurekodi sana.

---

MzeeWaKanda ameandika:

Sana. Wengine walikuwa wananong'ona wakiuomba.

---

SistaMagu ameandika:

BintiNyakato, swali lako la "mbona haraka hivyo" halijajibiwa, ngoja nilijibu. Mimi ni muuguzi mstaafu, nilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 90 kwenye zahanati za Magu.

Haikuwa haraka. Aprili 1989 ni mwezi aliosema, si mwezi aliougua. Virusi vikishaingia mwilini, bila dawa vinaweza kukaa miaka 8 hadi 10 mtu akiwa hana dalili inayoonekana. Anafanya kazi, anacheza mpira, anaimba jukwaani. Ndani vinakula seli za kinga zinazoitwa CD4. Mtu mzima asiye na virusi ana kuanzia 500 kwenda juu kwenye kila milimita moja ya ujazo ya damu. Zikishuka chini ya 200 milango iko wazi, na vile vidudu ambavyo mwili ulikuwa unavizuia kila siku bila wewe kujua vinaingia kimoja baada ya kingine. Kifua kikuu. Fangasi za mdomo na koo, ndizo alizokuwa nazo kaka yake mzee. Homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Kuharisha kusikokoma. Mkanda wa jeshi mara nyingi hutangulia mapema, kinga ikianza tu kuyumba, ndiyo maana tukiuona kwa kijana tunashauri apime. Mtu akifika hatua ya mwisho, enzi zile ilikuwa mwaka mmoja au miwili, na wengi hawakufikisha. Lutaaya alipoonekana mzima kwa macho ya watu, ndani alikuwa amekwenda mbali.

Dawa ilikuwepo moja tu, AZT. Iliruhusiwa Marekani Machi 1987, na bei yake mwanzoni ilikuwa kama dola 10,000 kwa mwaka. Hata aliyeipata haikumfikisha mbali, kwa sababu virusi vikipigwa na dawa moja peke yake vinajifunza kuikwepa ndani ya miezi. Mchanganyiko wa dawa tatu, ule unaovibana kweli, ulikuja 1996. Mwaka 2001 kiwanda cha India, Cipla, kikatangaza kuziuza chini ya dola moja kwa siku. Tanzania ikaanza kuzigawa bure 2004. Hesabu mwenyewe kutoka Desemba 1989. Katikati ya miaka hiyo sisi manesi tulikuwa na panadol, maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha, dawa ya zambarau ya kupaka mdomoni, na mikono yetu. Kuna wagonjwa niliowaosha kila asubuhi wakijua hawatapona na mimi nikijua. Sipendi kuyaandika sana.

Lakini Mwanza haikukaa kulia tu, na hili vijana hamfundishwi. Kati ya 1991 na 1994 NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), shirika la afya la AMREF na wenzao wa London walifanya utafiti mkoani kwetu katika jamii 12. Sita zahanati zao ziliimarishwa kutibu magonjwa ya zinaa, yaani kisonono, kaswende, vidonda. Watumishi wakafundishwa, dawa zikaletwa za kutosha, mtu akieleza dalili anatibiwa palepale bila kungoja maabara. Sita nyingine zikaendelea kama kawaida kwanza. Matokeo yakatoka 1995: maambukizi mapya ya VVU kwenye zile sita zilizoimarishwa yalikuwa pungufu kwa asilimia 40 hivi. Dunia nzima iliyasoma, na yalitoka kwenye vijiji vyetu, kwa watu waliokubali kutolewa damu wakati ambapo kutolewa damu tu kulikuwa kunatisha.

Na walikubali kwa sababu mazungumzo yalikuwa yameanza kufunguka. Siwezi kukupimia kiasi gani kilitoka kwa Lutaaya, ila wagonjwa walikuwa wanamtaja. "Nina ule wa yule mwimbaji," ndivyo walivyokuwa wananiambia, kwa sauti ya chini.

Sasa mwanangu, umesema una sababu ya kuuliza. Kama unaweza, iseme.

---

BintiNyakato ameandika:

Asanteni sana wote. Mzee wabeja, nimeisoma habari ya shangazi mara mbili, ya pili nimemsomea mama.

Sababu yangu ni ndugu yangu, mtoto wa mama mkubwa. Anavua dagaa, anakaa kambi za visiwani. Ana virusi, alianza dawa vizuri, na tangu miezi kadhaa iliyopita ameacha. Anasema amepona, tazama misuli hii, naburuta nyavu usiku kucha, mgonjwa gani anafanya hivi. Nikimwambia anasema namnyanyapaa. Nilivyosikia Lutaaya alikuwa mzima Aprili na Desemba hayupo, nikaogopa. Sijui nimwambie nini. Mama anasema nimwache, ni mtu mzima.

---

MzeeWaKanda ameandika:

Usimwache. Mama yako mheshimu, lakini usimwache.

Ila usimtishe kwa kifo, wavuvi wanakiona ziwani kila msimu wa upepo. Mwambie ukweli huu: kaka yangu alikuwa ananyanyua injini ya mtumbwi peke yake, anaibeba begani kutoka majini hadi kwenye mchanga. Mwaka uliofuata shangazi alikuwa anamgeuza kitandani kwa mkono mmoja. Na kaka hakupata hata kidonge kimoja cha kuacha. Huyu wa kwako kinamngoja, bure.

---

SistaMagu ameandika:

Mzee kasema la moyoni, mimi niseme la kliniki.

Misuli aliyonayo imeletwa na dawa. Alipoziacha virusi vilianza kuongezeka tena ndani ya wiki chache, yeye hasikii kitu. Akiendelea hivyo CD4 zitashuka. Na jambo la pili, mtu anayemeza vizuri hadi virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Akiacha, kinga hiyo inaondoka. Kama ana mke au mpenzi huko kambini, hilo linaweza kumgusa kuliko habari za mwili wake.

Asianze mwenyewe kwa vidonge vilivyobaki kwenye begi. Aende CTC, kliniki ya matunzo na tiba kwa wenye VVU, na kadi yake, kama kadi imepotea aende hivyohivyo. Aseme tu, niliacha, nataka kurudi. Watamchunguza kifua kikuu kwanza, watampima wingi wa virusi, watamwanzishia. Siku hizi kwa wengi ni kidonge kimoja kwa siku, si kama zamani konzi zima asubuhi na jioni. Akikutana na mhudumu mwenye maneno makali, asigeuze mtumbwi, aombe kuonana na mshauri au mganga mfawidhi.

Na muulize kwa upole kilichomfanya aache. Wavuvi wengi niliowahudumia hawakuacha kwa ubishi. Dawa ziliwaishia wakiwa kisiwani, tarehe ya kliniki ikapita, wakaona aibu kurudi, ndipo wakajiambia wamepona. Kama ni hivyo, aeleze kuwa kazi yake ni ya kuhama. Mgonjwa aliyetulia anaweza kupewa dawa za miezi 3, hata 6, na akihamia kambi nyingine anaweza kupewa barua ya kuhamishia huduma kituo cha karibu.

---

BintiNyakato ameandika:

Nadhani ndiyo hiyo ya tarehe kupita, maana aliwahi kusema siku moja kwamba nesi atamgombeza. Giza la mwezi likiisha, mbalamwezi ikirudi, dagaa hawavuliwi, atakuja mjini kuleta mzigo soko la samaki la Mwaloni. Nitakwenda kumpokea mwenyewe.

---

SistaMagu ameandika:

Mpokee, mle samaki kwanza. Halafu mwende wote wawili, asubuhi mapema kabla foleni haijajaa. Na wewe ukifika pale upime pia.